UZI: Njia tulivu ya baiskeli ya kuunganisha bustani za mji – bustani zipo, mitaa ipo, tatizo ni vipande vya katikati

Gurudumu_Mbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Swali la "niendeshe wapi baiskeli mjini bila kupigiwa honi mgongoni" linaletwa humu kila mara na jibu huwa lile lile, nenda bustani. Sawa, bustanini kuna kivuli, hamna magari, lakini bustani moja ukiizunguka kidogo umeimaliza, na mpaka ufike getini ushapita barabara kuu yenye malori. Ndo maana unakuta watu wanapakia baiskeli kwenye gari ili wakaendeshe bustanini, kitu ambacho mimi kinaniuma kweli.

Ninachotaka tuongelee ni njia tulivu, yani unachukua bustani zilizopo mjini, ndogo kwa kubwa, unaziunga kwa mitaa ya ndani, vichochoro, kingo za mito na mitaro, mpaka mtu anaingia upande huu wa mji anatokea upande ule na sehemu kubwa ya safari anasikia mnyororo wa baiskeli yake tu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Miji mingi bustani inazo na mitaa ya ndani inayo. Kinachoiua njia ni vipande vifupi vya katikati, pale unapotoka geti la bustani unakutana na barabara ya leni nne, ng'ambo unaiona bustani nyingine kabisa kwa macho, na kivuko kiko mbali huko juu. Njia ndefu ikiwa na sehemu moja tu ya hivyo, mama mwenye mtoto kwenye kiti cha nyuma anapita mara moja na harudi tena. Njia nzima inapimwa kwa makutano yake mabaya kuliko yote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Boston kule Marekani, mbunifu wa bustani Frederick Law Olmsted alianza mwaka 1878 kuchora mlolongo wa bustani unaoitwa Emerald Necklace, kama kilomita 11 kutoka Boston Common katikati ya mji mpaka Franklin Park, na kati ya bustani na bustani akaweka barabara pana zenye miti, za kutembea na za magari ya farasi. Farasi wakaondoka, yakaja magari, na barabara zile zile za starehe nyingine zikageuka kuwa barabara kubwa za mwendo kasi. Bustani hazijaguswa, kilichoharibika ni viungo. Minneapolis nao, huko huko Marekani, mbunifu wa bustani Horace Cleveland alipendekeza mfumo wa bustani na barabara za kijani mwaka 1883, leo wana duara lao la Grand Rounds linalokaribia kilomita 80, zuri mno, lakini zaidi ya miaka mia baadae walikuwa bado wanahangaika na kipande cha mashariki ambacho hakijaunga, wenyewe wanakiita Missing Link, yani kiungo kinachokosekana. Kipande kimoja hicho wakuu, duara zima halifungi!

Karibuni, hasa mliowahi kuendesha njia za namna hii au kuzipigania.

---

MzeeWaLami

Mkuu uzi mzuri lakini mimi nina wasiwasi na hizi njia tulivu na nausema wazi. Mara nyingi zinakuwa kimbilio la viongozi wasiotaka kugusa barabara kuu. Kuweka kibao cha baiskeli kwenye mtaa wa ndani hakumuudhi mtu yeyote, kuondoa leni moja ya magari kunaudhi wengi, basi wanachagua kibao. Halafu anayeenda kazini anazungushwa kona kulia kona kushoto, kona ya kumi ameshapotea, anarudi zake barabara kuu na hatari yake.

London waliyaona haya. Meya wa wakati ule, Boris Johnson, alitangaza mpango wa Quietways, yani hizi hizi njia tulivu, mwaka 2013, njia ya kwanza ikafunguliwa 2016 kutoka Waterloo mpaka Greenwich. Kuna vipande vizuri sana ndani yake, ila malalamiko kuhusu mpango mzima yakawa mengi, njia nyingine zilikuwa ni alama zimepakwa kwenye mtaa ambao magari yanapita kama kawaida. Mwishowe jina lenyewe wakaliacha, njia zikaingizwa kwenye mtandao mmoja wa Cycleways wenye vigezo vya ubora. Rangi kwenye lami haipunguzi gari hata moja.

---

Gurudumu_Mbili

Mzee wangu hapo kwenye rangi nakuunga mkono moja kwa moja. Na wala sisemi njia tulivu ichukue nafasi ya njia zilizotengwa barabara kuu, maana maduka, hospitali na ofisi ziko barabara kuu na watu wa baiskeli nao wanaenda huko. Hizi zinahudumia mtoto anayejifunza, bibi aliyeacha baiskeli miaka na anataka kuirudia, anayeenda shule, na hata wa kazini asiye na haraka ya dakika tano.

Ila mtaa wa ndani unakuwa tulivu kwa kitu kimoja: gari lisiweze kuutumia kama njia ya mkato. Nguzo mbili tatu katikati ya mtaa, au bustani ndogo ya maua inayokata makutano kwa mshazari. Mkazi anafika mlangoni kwake na gari lake kama kawaida, mgeni aliyekuwa anakwepa foleni anakuta hapenyi. Baiskeli na mguu vinapita. Berkeley kule California wana vizuizi hivi toka miaka ya 1970, Vancouver nao mitaa yao ya baiskeli imejaa hizi mambo, na ukipita unaelewa mara moja kwanini watoto wanacheza pale.

---

dogo_ramani

Kaka hebu tupe namba, mtaa unahesabika tulivu ukiwa na magari mangapi? Maana kila mtu anasema mtaa wake umetulia.

---

Gurudumu_Mbili

Swali zuri dogo. Portland, Oregon, kwenye mitaa yao ya namna hii wanalenga kama magari 1,000 kwa siku, na 2,000 ndo ukomo, ikizidi wanatakiwa kuchukua hatua. Mwongozo wa Uingereza wa njia za baiskeli unaruhusu kuchanganyika na magari mpaka kama 2,500 kwa siku kwa mwendo wa chini. Mimi 2,500 naona ni mengi kwa mtoto, napendelea ile 1,000.

Na huna haja ya mashine. Wahandisi wa barabara wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba saa moja ya msongamano hubeba kama sehemu ya kumi ya magari ya siku nzima. Kwahiyo kaa kwenye kona saa ya watu kutoka kazini, siku ya katikati ya wiki, hesabu saa moja, zidisha kwa kumi. Ukipata magari 100 kwa saa uko vizuri, ukipata 300 huo mtaa ni shotikati ya watu hata kama Jumapili asubuhi unasikia ndege tu. Na angalia pia mwendo wao, mtaa wenye magari machache yanayokimbia unatisha kuliko wenye magari mengi yanayotambaa.

---

Mama Pedali

Mimi naomba niongelee usiku maana wanaume wa humu mnausahau. Njia inayopita bustanini saa nne asubuhi ni raha, saa moja jioni giza likiingia ni kitu kingine kabisa. Miti inaficha taa, hamna nyumba zinazotazama njia, ukiona mtu amesimama mbele huna pa kugeuzia. Rafiki zangu wengi wanawake hawapiti, wanachagua barabara kuu yenye magari kwasababu angalau wanaonekana.

Halafu mageti! Bustani nyingi zinafungwa. Hiyo Greenwich Park ya London mliyoitaja jirani inafungwa magari na baiskeli na watu wote giza linapoingia, saa ya kufunga inabadilika kwa msimu, wakati Hyde Park inakaa wazi toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku. Sasa kama njia yako inategemea geti linalofungwa saa ambayo mimi natoka kazini, hiyo ni njia ya wikendi msituite wasafiri. Ninachotaka mimi ni kila kipande cha bustani kiwe na mwenzake wa usiku, mtaa wa jirani wenye nyumba na madirisha na taa, na vibao viseme wazi, mchana huku usiku kule. Na huo mtaa wa usiku uwe na ubora ule ule, msitutupe barabara kuu.

---

FundiSpoku

Dada umenena. Mimi nitaongelea vizuizi maana ndo vinanikera kuliko yote, nashinda na baiskeli za watu na nayaona madhara.

Picha ni hii. Mtu anakuja na baiskeli ya mizigo, boksi mbele, watoto wawili ndani wamefungwa mikanda. Anafika mdomo wa bustani anakuta kizuizi cha chuma, zile bomba mbili zilizoinamiana juu zikaacha uwazi mwembamba, kimewekwa kuzuia pikipiki. Hendeli haipiti. Anashuka, anajaribu kuinamisha baiskeli upande, mtoto mmoja analia, boksi limegusa chuma, hawezi kwenda mbele na nyuma yake pana mteremko. Anateremsha watoto mmoja mmoja, anawasimamisha pembeni, ananyanyua gurudumu la mbele, bado haipiti. Anarudi na kuzunguka kwa barabara kuu. Pikipiki iliyokuwa inazuiwa yenyewe imepita kwenye majani pembeni ya kizuizi, njia yake inaonekana kabisa imechimbika.

Mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu kwasababu miguu haina nguvu yeye hata kushuka hawezi. Kwake lile geti limefungwa mwaka mzima.

Ule mwongozo wa Uingereza aliousema mleta uzi unaitwa LTN 1/20, ulitoka 2020, unataka njia itengenezwe kwa baiskeli yenye urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2, na nafasi kati ya nguzo na nguzo isipungue mita 1.5. Gari halipenyi hapo, kila aina ya baiskeli inapenya, kiti cha magurudumu kinapenya, kigari cha mtoto kinapenya. Nguzo moja wima iliyopakwa rangi inayoonekana usiku, lami tambarare, basi. Na nguzo ya kufunguka kwa ufunguo kwa ajili ya gari la zimamoto ipo kila mahali, ile hoja ya zimamoto isitumike kuua wazo.

---

dogo_ramani

Nimesoma nikakumbuka Valencia, Hispania, na sijaona aliyeitaja. Kule vipande vya katikati havipo kabisa!

Ni hivi. Mto Turia ulikuwa unapita katikati ya mji. Oktoba 1957 ukafurika vibaya, watu wengi wakafa, serikali ikaamua kuuchepusha upite kusini nje ya mji. Ukabaki mfereji mkubwa mkavu unaokata mji mzima. Mpango wa wakubwa ulikuwa waweke barabara ya mwendo kasi mle ndani, na wakazi wakakataa, miaka ya 1970 wakaendesha kampeni kwamba mfereji ni wa kwao na wanautaka wa kijani. Mwaka 1976 ardhi ile ikakabidhiwa kwa mji, bustani ikafunguliwa 1986, na leo ni bustani moja ndefu kama kilomita 9, upande mmoja kuna bustani ya wanyama upande wa pili majumba ya sanaa na sayansi.

Sasa utamu ni huu, madaraja ya zamani yote bado yapo juu. Magari yanapita juu yako, wewe unapita chini ya daraja la mawe la karne na karne, kuna ubaridi kidogo, unatokea upande wa pili kwenye miti, hujasimama taa hata moja. Makutano yalikwisha siku mto ulipohamishwa.

---

Gurudumu_Mbili

Dogo ubarikiwe, huo mfano ulikuwa unastahili uzi wake. Na fikiria barabara ya mwendo kasi ingepita mle, leo mji ungekuwa umepasuka vipande viwili na kelele katikati.

Somo ninaloliona pale ni la kutafuta ardhi ndefu ambayo mji umeisahau. Singapore walifanya hivyo kwa makusudi, toka miaka ya 1990 wanajenga Park Connector Network, yani mtandao wa njia za kuunga bustani, na sehemu kubwa inafuata kingo za mitaro na mifereji ya maji ya mvua, maana ukanda wa pembeni ya mtaro haujengwi nyumba na ni mrefu na umenyooka. Wameshavuka kilomita 300, na wana mpango wa njia ya kuzunguka kisiwa kizima kilomita 150. Atlanta nao wamefufua duara la reli za zamani, kilomita 35 hivi, BeltLine, wazo lililoanzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi Ryan Gravel mwaka 1999. Reli ina faida moja kubwa, haina mlima mkali, na mara nyingi inapita juu au chini ya barabara badala ya kuikata.

Ila msikimbilie kila reli iliyogeuzwa bustani mkadhani ni ya baiskeli. High Line ya New York baiskeli haziruhusiwi, na kwa upana ule na umati ule wako sahihi.

---

Mtembea_Polepole

Samahani jamani mimi sina baiskeli, natembea, na nimewasoma wote kwa makini. Hizi bustani mnazoziunga ni mahali ambapo mimi na mama yangu tunapumzika. Yeye masikio yamepungua, hasikii kengele. Baiskeli ikipita karibu kwa kasi anashtuka, na mtu wa umri ule akianguka nyonga ndo safari imeanza. Nawaunga mkono kabisa kuhusu magari, ila naomba mtufikirie na sisi, maana nyie kwetu ndo mnakuwa magari.

---

Mama Pedali

Ndugu yangu shikamoo yetu kwa mama. Ulichosema ni haki kabisa na kiingie kwenye mpango toka mwanzo, kisiwe nyongeza. Pale penye watu wengi mguu na pedali vitenganishwe, njia mbili na majani katikati, au tofauti ya kimo kidogo inayohisika kwa fimbo ya asiyeona. Pale ambapo nafasi haitoshi na tunashea, angalau mita 3 za upana, na mwendo wa kutembea kama watu wapo. Singapore njia hizo wameweka ukomo wa kilomita 25 kwa saa, na njia za waenda kwa miguu 10. Mimi hata 25 pembeni ya mzee naona nyingi, punguza, sema "napita kushoto" kwa sauti ya kawaida, subiri ageuke, ndo upite.

Na bustani ikiwa ndogo na imejaa watoto, njia izunguke nje yake. Kuunga bustani hakulazimishi kuipasua katikati.

---

FundiSpoku

Naongezea kwenye matunzo maana hakuna aliyegusa. Mizizi ya miti inainua lami, yale matuta madogo yanavunja spoku na yanaangusha wazee wanaotembea. Ukijenga, weka kizuizi cha mizizi au isogeze njia mbali na shina, na usikate mizizi mikubwa ovyo mti ukafa, kivuli ndo nusu ya sababu ya kupita pale. Majani yakilowa yanateleza kona ya mteremko. Chupa zilizovunjika karibu na mabenchi ni pancha kila wiki. Njia iwe na mtu anayejulikana wa kufagia, maana bustani ina idara yake na barabara ina idara yake, na mdomo wa geti unakuwa si wa yeyote.

---

MzeeWaLami

Fundi hapo kwenye idara mbili umegusa kidonda chenyewe. Vile vipande vya katikati anavyolia navyo mleta uzi viko vibaya kwasababu hiyo hiyo, wa bustani anaishia getini, wa barabara anaangalia magari yasisimame. Nimelainika kidogo. Mkuu, mtu akitaka kuanza mjini kwake aanzie wapi, bila bajeti?

---

Gurudumu_Mbili

Mzee wangu nashukuru. Anza na OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, ina muonekano wa CyclOSM unaokuchorea njia za baiskeli, mitaa ya mwendo mdogo na hata vichochoro. Tafuta bustani mbili zilizo karibu, mbili tu, usichore mji mzima, ramani ya mji mzima inapongezwa na kuwekwa kabatini. Pita kati yake mara ya kwanza asubuhi ya Jumapili ili uielewe njia, halafu pita saa ya msongamano siku ya kazi, halafu jioni giza likiwa limeingia. Pita na mtu asiyezoea baiskeli na umwache atangulie, pale anaposhuka mwenyewe bila kuambiwa weka alama. Ndo patakuwa pako pa kupigania.

Mara nyingi patakuwa ni kivuko. Angalia kiko kwenye mstari wa mtu anayetoka getini au inabidi azunguke, kina muda wa kutosha mtu mzima avuke bila kukimbia, kisiwa cha katikati kinaitosha baiskeli yenye trela au mkia unabaki barabarani. Angalia ukingo wa lami umeshushwa mpaka chini au umeachwa kale kangazi kadogo kanakogonga rimu. Angalia kitufe cha taa, je unakifikia ukiwa umekaa kwenye baiskeli au inabidi ushuke ukapande kwenye udongo.

Halafu andika barua moja yenye kitu kimoja: kivuko hiki, geti hili, picha hizi, hesabu ya magari ya saa moja, na watu wa aina gani wanashindwa kupita. Ipeleke idara zote mbili, kila barua ionyeshe kwamba mwenzake ameipata. Na saini za wakazi wa mtaa, wa shule ya jirani, na za wanaotembea kama ndugu yetu hapo juu, kivuko kile kile mama yake anakihitaji kuliko sisi.

---

Mama Pedali

Na mtu wa kiti cha magurudumu msimsahau kwenye hizo saini. Mimi naanza na geti la kusini la bustani ya kwetu, lile kitufe kimewekwa upande wa pili wa nguzo. Fundi, naomba tena hapa vile vipimo vya nguzo nivinakili.

---

FundiSpoku

Nguzo kwa nguzo mita 1.5. Kisiwa cha katikati ya barabara kina chake kabisa, kiwe na mita 3 kwa mwelekeo wa kuvuka ili baiskeli ya mita 2.8 isimame yote ndani. Andika kwa herufi kubwa dada, na weka picha ya baiskeli yenye boksi ikiwa imekwama, hiyo ndo wataisoma kwanza.